Breki Gizani

Haya yalimpata rafiki yangu, mwuguzi asiyejua kutia chumvi. Alikuwa akikusanya baiskeli za zamani za kupandia milima, anazikwangua kutu na kuzirudishia ujana. Siku hizi amezigawa zote.

Mchana mmoja alikwenda kwa mjane aliyekuwa akiuza baiskeli ya marehemu mumewe. Mama yule akamfungulia stoo isiyo na dirisha.

"Ingia tu, mwanangu. Taa imeungua, ngoja nikuletee tochi."

Mlango ukajifunga nyuma yake, giza likawa totoro. Akasikia kandambili za mama zikielekea jikoni. Kisha mbele yake gurudumu likaanza kuzunguka: tik, tik, tik.

"Nani humu?"

Gurudumu likaongeza kasi. Akajipa moyo kwamba labda ameligusa kwa mguu, akanyoosha mkono alisimamishe. Kabla hajalifikia, breki zikalia kwa ukali na gurudumu likasimama.

Akapapasa ukutani akitafuta mlango, vidole vikaangukia usukani. Mkono wa breki ulikuwa umebanwa hadi mwisho. Akajaribu kuuvuta uachie, ukagoma.

"Mama!" akaita.

"Nakuja, mwanangu!" mama akajibu kutoka jikoni, mbali.

Ndipo mkono wa breki ukaanza kuachiwa chini ya vidole vyake, taratibu, vile anavyoachia mtu aliyekwisha kupanda na kuona njia ni nyeupe.