Sahihi za Sweta

Kila jioni baada ya masomo, Kidoti alipitia karakana ya baba yake kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sweta mpya za shule, za buluu. Baba alikuwa na mashine tatu za kufuma, lakini mbili zilikaa bure. Wazazi wengi walinunua sweta za bei nafuu kwingine.

"Mwanangu," baba alimwambia siku moja, "kamati ya shule ikipitisha kwamba sweta zote zitoke hapa, zenye nembo ya shule, tutapumua. Ila wanataka kusikia wanafunzi wenyewe wanasemaje."

Kidoti hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliandika barua: "Sisi wanafunzi tunaomba sweta zenye nembo ili tupendeze." Akapita nayo darasa kwa darasa. Kila aliyetia sahihi alipata biskuti mbili.

Rafiki yake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, aliuliza, "Bei je?"

"Ile ile," Kidoti alijibu, huku akijua si kweli.

Kamati ikapitisha. Mashine zote zikanguruma, baba akashinda akipiga mluzi, na Kidoti akatembea kifua mbele.

Muhula mpya ulipoanza, Chiriku hakuonekana. Siku ya tatu Kidoti akaenda kwao. Alimkuta ameketi mlangoni na bibi yake, ambaye kwa miaka mingi alifuma sweta kwa mkono na kuwauzia majirani. Kikapu cha bibi kilijaa sweta za buluu ambazo hakuna aliyeziulizia tena.

"Karibu, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mwenzako karudishwa getini. Hii niliyomfumia haina nembo, na ya nembo bei yake ni mara mbili. Eti wanafunzi ndio walioomba! Sijui ni watoto gani hao."

"Hata mimi nilitia sahihi, bibi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nilidanganywa bei."

Hakumtazama Kidoti. Uso wa Kidoti uliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaaga kwa kigugumizi na kukimbia hadi karakanani, akamweleza baba kila kitu huku analia.

Baba alizima mashine. "Ulidanganya, lakini mimi ndiye niliyekutia tamaa," alisema. "Aibu hii ni yetu sote. Kesho twende tukaseme."

Mbele ya kamati, Kidoti alieleza jinsi alivyogawa biskuti na kudanganya kuhusu bei. Baba naye alikiri. Siku hiyohiyo sheria ikabadilishwa: sweta yoyote ya buluu inafaa. Chiriku akarudi darasani, ingawa kwa wiki nzima alimpita Kidoti bila salamu.

Mwalimu mkuu alimwita Kidoti ofisini.

"Kuomba si kosa," alimwambia. "Baba yako ana haki ya kuitafutia kazi yake soko. Lakini faida iliingia nyumba moja, na gharama ikagawanywa kwa nyumba mia mbili. Wengi waliona ni kidogo, wakanyamaza. Kwa bibi yule, kidogo hicho kilikuwa riziki yake na masomo ya mjukuu wake. Ukiomba sheria, sema wazi nani atafaidika na nani atalipa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu," Kidoti alijibu, macho yake yakiwa bado sakafuni.