Ridhaa ya Ukimya

Mkaguzi-chuma alishuka ndani ya bwawa jipya la Bwana Kimolo kama kaa mkubwa, miguu sita ikigonga vigae, jicho lake likipiga picha kila ufa. Enzi za makarani, kibali cha bwawa la kuogelea nyumbani kilikula mwaka mzima na chai isiyohesabika. Sasa, katika Jiji la Mlandizi Mpya, kiliombwa jioni kikatoka asubuhi. Kasi ilikuwepo kweli. Kwa faida ya nani, hilo watu hawakuulizana.

"Kuta, sawa. Uzio, sawa. Ridhaa ya majirani, kamili," mashine ilisema. "Naanza kujaza kwa ukaguzi wa mwisho."

Mhandisi Zuhura Semkiwa, aliyetumwa kushuhudia, alitazama bomba likitapika maji. Mfumo wa mizani-maji, uliogawa maji ya jiji, haukuwa na akiba. Uliwapunguzia wengi ili umjazie mmoja.

"Mtaa mzima umekubali kukatiwa maji?"

"Walipelekewa taarifa jana jioni. Hakuna aliyepinga," Kimolo alicheka. "Majirani zangu wastaarabu sana, mhandisi."

Bwawa lilipokaribia kujaa, geti likagongwa. Aliingia Mwanahawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, khanga kiunoni, ndoo tupu mkononi.

"Baba Lulu, mama amefariki jana alasiri. Waoshaji wameshafika, bomba halitoi hata tone. Tunazika baada ya adhuhuri."

Kicheko kikamkatika Kimolo. "Inna lillahi! Pole, Mama Shani. Lakini mbona hamkupinga? Taarifa ilikuja kwenye simu zenu."

"Simu zilikuwa kapuni! Mtaa huu ukiingia msibani unaweka simu kwenye kapu, unakaa na wafiwa. Wewe utajulia wapi? Hata harusini kwenye pilau hatujakuona."

Zuhura aliigeukia mashine. "Simamisha. Watu walikuwa msibani."

"Ukimya ni ridhaa. Msiba haumo kwenye kanuni."

"Nakuamuru."

"Shahidi haamuru. Shahidi huweka alama ya kidole tu."

Kimolo alijifuta uso. "Chota, Mama Shani. Waite na wenzako, choteni."

Wanawake wakaja na ndoo na madumu. Maji yakashuka kidogo.

"Kina kimepungua," mashine ilisema. "Najazia."

Kwenye ramani mkononi mwa Zuhura, nyumba za bondeni, ambazo mabomba yake yalikuwa bado yanadondosha, zikaanza kuwa nyekundu, ishara ya kukatiwa maji, moja baada ya nyingine.

Mwanahawa alimtazama Zuhura usoni. "Kuna nini, mwanangu? Maji haya ya nani?"

"Ya watu wa bondeni. Tukichota hapa, mashine inawanyang'anya wao."

Mwanahawa aliitua ndoo. Ng'ambo ya ukuta, waoshaji walikuwa wakimwita. Akaiinua tena.

"Mama hawezi kusubiri. Nenda kawaambie, mlango kwa mlango. Waambie tumechukua, tunaomba radhi."

"Shahidi, weka kidole," mashine ilimwita. Zuhura alikuwa ameshatoka getini, akishuka bondeni.

Mlango wa kwanza bondeni ulifunguliwa na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye povu la sabuni kichwani. Alisikiliza hadi mwisho, huku akimfuta mtoto macho kwa upindo wa khanga.

"Ya kumwoshea maiti?" alisema. "Mngeniomba, ningewapa pipa zima. Nani aliniomba?"

Zuhura aliomba radhi pale kizingitini, kama alivyotumwa, akaelekea mlango wa pili, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi.