Nani Anaukata Wimbo wa Asubuhi?

Inspekta alikuwa na msemo wake: kesi akiishika yeye, huisha kabla chai haijapoa. Siku hiyo, ndani ya studio ya redio, chai ilishapiga utando, na wimbo bado ulikuwa unakatika kama mzee anayekohoa katikati ya hotuba.

"Wiki nzima ni hivi," meneja alisema. "Wasikilizaji wanatuhama. Mwenye redio anataka mtu afukuzwe leo kabla ya saa sita. Na anayeshinda kwenye hii kompyuta ni mtangazaji wangu wa asubuhi."

Inspekta alimzunguka mtangazaji kitini.

"Paswedi ya kompyuta hii unayo?"

"Ninayo."

"Nani mwingine anayo?"

"Bosi huyu hapa."

"Bosi ndiye aliyetuita. Mwizi hajiitii polisi."

"Afande, kazi hii nimeihangaikia miaka minne. Nijikatie wimbo mwenyewe, ili nipate nini?"

"Hapa maswali ni yangu."

Majibu aliyatafuta kwingine. Alimgeukia koplo wake wa kompyuta, binti mkimya aliyeing'ang'ania ile kompyuta ya studio, yenye mfumo wa Linux, kama kupe.

"Wimbo wenyewe ni mzima," koplo alisema. "Nimeucheza kwenye simu, umetiririka. Nimebadilisha programu ya kuchezea, bado unakatika. Na kompyuta haijalemewa, inatumia asilimia nane tu ya nguvu zake."

"Basi huyu dada mtangazaji kaharibu spika."

"Spika haina kosa. Tazama." Alifungua faili la mipangilio ya sauti. "Kompyuta huijazia kadi ya sauti, kile kifaa kinachopeleka wimbo kwenye spika, ndoo nzima ya sauti, kadi ikawa inakunywa. Mtu kapunguza namba hii: kaondoa ndoo, kaweka kikombe. Kadi inamaliza kabla haijajaziwa kingine. Ndiyo maana wimbo unakata pumzi."

"Lini?"

"Faili linaonyesha Ijumaa iliyopita, saa kumi na mbili jioni."

"Mimi hutoka saa saba mchana," mtangazaji alisema. "Daftari la mlinzi lipo getini."

Inspekta alijikuna kidevu. "Mtu mwenye akili timamu atatakaje kikombe?"

"Anayeimba, afande. Ukiimba huku unajisikiliza kwa hedifoni, ndoo kubwa hukurudishia sauti yako imechelewa."

Meneja alianza kufuta miwani ambayo haikuwa na hata chembe ya vumbi.

"Unaimba, mzee?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nyimbo tisa, zote nimezirekodi humu." Aliirudisha miwani usoni. "Miaka ishirini nawarudisha waimbaji mlangoni, nawaambia hawana sauti. Ningesemaje kwamba na mimi natamani? Nilibadilisha ile namba, nikasahau kuirudisha. Wimbo ulipoanza kukatika, nikaona heri alaumiwe mwingine kuliko nichekwe mimi."

"Yaani heri nifukuzwe mimi?" mtangazaji alisema. "Sema yote, bosi. Simu ni hiyo hapo, mpigie mwenye redio."

Meneja alipiga. Koplo alirudisha ndoo, na wimbo ukateremka bila kujikwaa.

Inspekta naye alishampigia mkuu wake. "Tangu naingia mlangoni nilijua ni meneja, mkuu. Yule mtangazaji sikumshuku hata dakika moja."

Mama msafishaji, aliyekuwa akifagia pembeni, alisimamisha ufagio.

"Basi afande, nirudishie ile karatasi tupu uliyoniwekesha dole gumba pale ngazini. Si ulisema utaijaza mwenyewe, kwamba nimemwona dada mtangazaji akiharibu mashine?"

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Inspekta," mkuu alisema, "hebu mpe simu huyo mama."