Kidole Kwenye Mizani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta sahani za mizani katika duka la nafaka la mama yake. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya maneno yake mengi. Mama naye, kila alipopima maharage, aliinua mikono yote miwili ili mteja aone kwamba hakuna kidole kilichogusa sahani.

Wiki hiyo mwalimu aliwapa insha: walinganishe maisha ya nchi yao na ya nchi nyingine. Insha bora ingesomwa mbele ya wazazi Ijumaa. Chiriku aliona mambo ni mteremko, maana mama yake mdogo alifanya kazi ng'ambo. Badala ya kumpigia simu amuulize, alitazama picha yake moja iliyomwonyesha akitabasamu mbele ya jumba lenye maua, kisha akaiachia kalamu ikimbie. "Mama mdogo anaishi katika nyumba ya vyumba saba," aliandika. "Huko hakuna anayechoka wala anayeugua. Kwetu hakuna cha maana." Alipoisoma, darasa lilipiga makofi, na mwalimu akamchagua yeye.

Alhamisi, alipotoka shule, alikuta sanduku kubwa mlangoni pa duka. Mama mdogo alikuwa amekuja likizo! Walikumbatiana kwa vifijo, mpaka mgeni aliposema, "Nasikia kesho unawasomea wazazi. Siwezi kukosa."

Chiriku angesomaje maisha ya uongo mbele ya mwenye maisha yake? Alizunguka dukani, akashika hiki, akaacha kile. Mwishowe alitoa daftari.

"Mama mdogo, soma. Ila usinigombeze sana."

Mama mdogo alisoma kimya, kisha akacheka, ingawa machozi yalimlengalenga.

"Vyumba saba? Umepunguza, mwanangu. Ni tisa. Navijua kwa sababu navipiga deki kila siku. Mimi nalala kwenye kijichumba nyuma ya jiko."

"Kwa hiyo huko ni kubaya?"

"Nani kasema? Maji hayakatiki, na ukiita gari la wagonjwa linafika upesi. Hayo yaandike, natamani tungekuwa nayo. Lakini niliugua siku tatu, hakuna aliyegonga mlango wangu. Hapa nikipiga chafya mara mbili tu, jirani keshaingia bila hata hodi!"

Chiriku aliomba radhi, akachana insha ile, akaandika nyingine jioni hiyo hiyo.

Asubuhi alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu alikunja uso, akaisoma insha mpya mara mbili, kisha akamruhusu. Mbele ya wazazi, Chiriku alianza: "Insha yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo." Alipomaliza, mama mdogo ndiye aliyetangulia kusimama na kupiga makofi.

Waliporudi dukani, mama aliweka kidole kimoja kwenye sahani tupu ya mizani. Ikashuka.

"Umeona? Anayelinganisha naye anapima, mwanangu. Ya wenzetu yaweke yote, na yetu yaweke yote, kisha toa mkono. Kazi ya kidole ni kudanganya tu."

Chiriku alichukua kitambaa, akaifuta sahani, kisha akainua mikono yote miwili.