Darasa Ghalani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mwenyewe, maana majirani wakianza kusimulia hawamalizi leo.

Pampu ya mtaa wetu ilikuwa inatoa maji kidogo kidogo. Mimi ndiye fundi wa kila kitu: baiskeli, bawaba, redio. Ufundi wenyewe sikuusomea popote. Nikamwita shemeji yangu, tukaanza kuvuta mabomba kutoka kisimani.

"Shemeji, hakuna chuma cha kuyashikilia?" akauliza.

"Mikono yangu hii ndiyo chuma," nikajibu. Watu wakacheka.

Bomba lilikuwa limelowa. Likateleza. Tukasikia mabomba yote yakishuka, kisha kishindo kizito chini kabisa. Hakuna aliyecheka tena. Bibi mmoja aligeuza ndoo yake tupu, akaikalia.

Pampu ya shule haikutosha mitaa yote, kwa hiyo miezi mitano tulichota maji bwawani, pamoja na ng'ombe. Kwenda na kurudi ni saa mbili. Mtoto wetu mdogo aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mke wangu alikaa naye zahanati siku tatu. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nilikwenda ofisi ya maji mara nne.

"Fundi ni mmoja, vijiji ni arobaini," karani aliniambia. "Subirini."

Tukasubiri. Watu walinisalimia huku wakiangalia pembeni.

Ndipo akaja mwalimu wa ufundi, mama mmoja mwenye pikipiki na sanduku la spana. Akamulika tochi kisimani.

"Kisima hiki kimekufa," akasema. "Mabomba yamekwama chini. Hata mimi siwezi kuyatoa. Nani aliyavuta bila kibano?"

"Mimi."

"Kibano kinashika bomba lisirudi chini. Hilo ni somo la siku ya kwanza, baba."

Nilitamani nami nitumbukie humo humo.

"Mmebaki na pampu ya shule," akaendelea. "Nayo itaharibika tu, kila pampu huharibika. Nimekuja kufundisha watu wa hapa hapa. Tutasomea kwenye ghala la mazao, asubuhi tatu kwa wiki, miezi mitatu, bila ada. Anayejua kusoma na kujumlisha anatosha. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Mwishoni kuna mtihani na cheti."

"Kwani mjini hamfundishi?" shemeji akauliza.

"Tunafundisha. Nani hapa anaweza kuacha shamba miezi mitatu? Haya, nani atasoma hapa hapa?"

Kisha mkono mmoja ukanyanyuka. Ulikuwa wa mke wangu.

Nyumbani nikamwambia, "Mama watoto, mabomba yale ni mazito."

"Ndoo za bwawani ni nyepesi?"

"Watu watanicheka."

"Wanakucheka tayari, baba watoto. Sidhani kama wana nafasi ya kuongeza."

Akaenda. Walikuwa saba, wanawake watano. Mimi nilibaki na mtoto, nikajifunza kumwogesha kwa kikombe kimoja cha maji.

Walipomaliza tu, pampu ya shule nayo ikakata maji. Bwawa lilikuwa limebaki tope. Watoto walirudishwa nyumbani. Nilidhani sasa tunahama, na wengine walikwisha funga mizigo.

Mke wangu na wenzake wawili walifunga kibano. Wakavuta bomba moja, wakakaza, wakalifungua, wakalilaza chini. Wakavuta la pili. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilipewa kazi ya kushika spana na kunyamaza. Chini kabisa wakakuta mpira mdogo wa kuzuia maji yasirudi chini umelika. Wakaweka mpya, wakarudisha mabomba, wakapampu.

Yalitoka matope. Kisha yakatoka maji.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walipanga foleni kimya, kama wanaogopa yatasikia na kukata tena. Kisima chetu hakikufufuka, na wa mtaa wetu sasa tunatembea nusu saa mpaka shuleni. Lakini ni maji safi.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuja amechelewa. Akapita foleni yote, akaweka ndoo yake mbele. Ilipofika nusu, akauliza, "Hivi nani alimruhusu mwanamke kufungua kisima? Kuna taratibu. Hata mumewe hakuniambia."

Mimi niliangalia chini. Mke wangu alikuwa anafuta grisi vidoleni.

"Mwenyekiti," akasema, "kama bado unasubiri ruhusa, toa ndoo yako hapo, wenzako wachote."