Njia ya Mgongo Haitaki Jina

Kabugho alikuwa amemenya nusu karai ya mihogo, kisu butu, kiuno kinamuuma, Mbusa, mpagazi wa jirani, alipotokea kwenye kijia cha migomba akichechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Buti zake za mpira zilijaa tope jeusi, lile la juu mlimani, ambalo bondeni halipo.

"Mama Baluku," alisema. Hakusalimu.

Kabugho aliweka kisu chini. Jumatano Mbusa alikuwa amepanda pamoja na Masereka, mwana wa Kabugho, kupeleka mafuta na unga kwenye pango lililo chini ya barafu, akiba ya wageni watakaopanda kileleni wiki ijayo. Waliondoka wawili.

"Yuko wapi?"

"Yuko hai. Nimemwacha pangoni. Juzi kichwa kilimshika, jana akaanza kukohoa mapovu. Leo alfajiri aliniita mimi dada."

"Ukamwacha."

"Nilimbeba, mama. Hatua ya kumi goti likanikatalia. Nimemfunika mablanketi yote, nimeshuka kwa njia ya mto mbio kama mwizi. Nilipolivuka daraja tu, nikasikia kishindo nyuma. Mto umelichukua lote."

"Na askari wa hifadhi?"

"Wanakusanya watu na kamba. Wanasema kwa mto, bila daraja, ni siku mbili mpaka pangoni."

Kabugho alikuwa amebeba mizigo mlimani miaka kumi kabla magoti hayajachoka, na alijua mapovu ya kifua hayasubiri siku mbili. Akanawa mikono kwenye maji ya mihogo.

"Masika, malizia hii," alimwambia binti yake. "Baluku! Toka huko ndani. Lete buti zangu."

Baluku, kifunguamimba wake, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mabega ya kupasulia kuni, alisikiliza habari akiwa amesimama.

"Twende na askari," alisema. "Kamba ninayo. Mto nitauogelea mimi."

"Utauogelea, utafika baharini. Tunapanda kwa Njia ya Mgongo."

Mbusa aliinua kichwa. "Mama Baluku, usiseme hivyo."

"Kwa Mgongo nitafika kesho mchana. Kwa mto nitafika kesho kutwa kuchukua maiti. Wewe ungechagua ipi?"

Mbusa alitazama goti lake, na Kabugho akajuta kidogo kumuuliza yeye, kati ya watu wote.

Kwao majina hayatafutwi. Mvulana wa kwanza wa mama ni Baluku, wa pili ni Bwambale, wa tatu ni Masereka, na kuendelea hivyo mpaka Mbusa, ambaye ni wa sita. Mtoto akifa, jina lake haliachiwi mwingine. Nafasi inabaki yake. Kabugho alimzaa Bwambale, akamlea siku mbili, akamzika nyuma ya nyumba. Aliyefuata akaitwa Masereka.

Basi wapagazi wa zamani walikuwa na mwiko mmoja kuhusu Njia ya Mgongo. Huko juu humwiti mtu jina lake la kuzaliwa. Jina lile ni namba, na ukitaja namba, ukungu unaanza kuhesabu tangu mwanzo, ukiita wana wa mama yule mmoja mmoja. Anayeitika harudi nyumbani. Kwa hiyo mtu akiushika Mgongo hupewa jina la chombo: Kabugho alikuwa Sufuria, na wanawe aliwapa yao tangu utotoni, Baluku ni Kamba, na Masereka, kwa ulafi wake, Kijiko.

Miaka kumi na mbili nyuma, mpagazi mmoja mgeni alimpigia kelele Mbusa palepale Mgongoni, amsubiri. Ukungu ukaanza kuita, kwa kaka yake wa kwanza. Wa kwanza hadi wa nne walikuwa nyumbani, wakilima. Wa tano, Thembo, alikuwa hatua tatu mbele, anafikiria mambo yake, akaitika "Eee?" kama mtu yeyote. Walichokiona ni mzigo wake tu. Ulikuwa umewekwa juu ya jiwe, mikanda imefungwa vizuri.

Tangu hapo wapagazi waliuacha Mgongo, wakawa wanazunguka na mto.

Usiku ule Kabugho na Baluku walilala kwenye kibanda cha mianzi. Kulipopambazuka wakaushika Mgongo.

Njia ilikuwa nyembamba, mawe yamevaa kuvu, kulia korongo, kushoto kinamasi chenye mimea mirefu iliyosimama kama watu waliojitanda blanketi. Baluku alijaribu utani.

"Sufuria, mbona unatoa mvuke?"

"Funga mdomo, Kamba, usije ukakatika."

Baada ya hapo hawakusema tena. Pumzi ilikuwa haitoshi.

Saa saba mchana walikuwa karibu. Kabugho alilitambua jiwe kubwa lenye ufa, na pango liko nyuma yake, kiasi cha hatua mia mbili. Ukungu ulikuwa mzito. Kisha ukafunguka mara moja, kama mtu aliyevuta pazia, na akamwona mwanawe.

Masereka alikuwa nje ya pango. Amejifunga blanketi jekundu, peku, anatembea kama mlevi. Alikuwa anaelekea ukingoni. Mbele yake palikuwa na hatua nne za mwamba, kisha hapakuwa na kitu.

Mama ni mama. Mwiko haukumjia kichwani.

"Masereka!"

Kijana alisimama. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Akaurudisha nyuma polepole, akakaa chini kwenye mwamba. Ukungu ukafunga.

Baluku alimgeukia mama yake. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu. Walisikiliza.

Upepo ulikuwa umesimama.

Kisha, kutoka mle ukunguni, sauti ikaita. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayeita watoto waje kuoga, na ilikuwa sauti ya Kabugho mwenyewe.

"Baluku."

Kabugho aliona koo la mwanawe likicheza. Alimwekea kiganja mdomoni. Walitazamana. Chini ya kiganja midomo ya Baluku ilikuwa inatetemeka, inataka kuitika, kwa sababu miaka ishirini na sita imezoea kuiitikia sauti ile.

Ilipita. Kimya.

Ndipo Kabugho akaelewa hesabu. Wa kwanza ameitwa. Bado wa pili, kisha wa tatu. Na wa tatu amekaa pale mbele, kichwa kimejaa homa. Atasikia mama yake anamwita. Ataitika tu.

Hakuweza kumwita amwambie anyamaze; sauti ni ile ile, angeiitikia. Hakuweza hata kumwona.

Alitupa mzigo, akakimbia.

Kinamasi kilimla buti moja. Akaliacha. Mawe yalikuwa na barafu nyembamba kama kioo. Alianguka kwa magoti, akainuka. Nyuma alimsikia Baluku akimfuata, akihema. Jiwe lenye ufa lilimpita kushoto. Hatua mia. Hatua sitini.

"Bwambale."

Sauti ilikuwa karibu sasa. Ilitokea kulia kwake, upande wa korongo. Kabugho hakusimama. Huyo hayupo, alijiambia. Huyo nilimzika mwenyewe.

Na mtoto akalia.

Kilikuwa kilio chembamba, cha mtoto mchanga ambaye hajajua kulia vizuri, kinachokatika katikati na kuanza upya. Kilitokea kulia, kule kule sauti ilikokuwa.

Kabugho alisimama. Hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Kisha ikageuka, na akajiona anatembea, hatua moja, mbili, kuelekea korongoni.

Baluku alimshika mkanda wa kiunoni.

"Pimbi," alinong'ona. "Ni pimbi tu, Sufuria. Wanalia hivyo."

Ni kweli, pimbi wa mlimani hulia kama watoto. Lakini hulia usiku. Na pimbi hamlii mtu mmoja.

Kilio kilipanda. Kilikuwa cha njaa. Kabugho aliyajua yale mapumziko katikati ya kilio. Siku mbili tu aliyasikia, na miaka ishirini na mitatu haikuyafuta. Mkono mmoja ulikuwa umeshanyooka kwenda upande ule.

Mbele, kwenye ukungu, Masereka akakohoa.

Alikuwa karibu. Hatua kumi, labda kumi na tano.

"Wa pili amekufa," Kabugho alisema kwa sauti ndogo, si kwa Baluku. "Aliye hai ni huyu."

Aliupa mgongo mlio ule. Alisema baadaye kwamba mzigo mzito kuliko wote aliowahi kubeba mlimani ni hatua zile kumi na tano.

Alimkuta Masereka amesogea mpaka ukingoni, amekaa, miguu inaning'inia, macho wazi. Alikuwa anatabasamu. Midomo ilikuwa na mapovu ya rangi ya waridi. Alikuwa amegeuza sikio, kama mtu anayesubiri zamu yake.

Kabugho alimkumbatia kwa nyuma, akamvuta, akamziba mdomo kwa mikono miwili.

Wakasubiri.

Baluku alipiga magoti kando yao. Alifumba macho. Kabugho alihesabu mapigo ya moyo wa mwanawe chini ya mkono wake. Kumi. Ishirini. Hamsini. Jina la tatu halikuja. Kilio cha mtoto kilipungua, kikawa kwikwi, kikawa kama sauti ya kitu kilichonyanyuliwa na kubembelezwa. Kisha hakikusikika.

Ukungu haukuhesabu zaidi. Ulikuwa umepata aliyeitika.

Walimfunga Masereka mgongoni kwa Baluku kwa lile blanketi jekundu na kamba. Hawakuingia pangoni kuchukua chochote. Kabugho alishuka na buti moja, mguu wa pili ameufunga kwa kitambaa cha kichwa. Kadiri walivyoshuka, kifua cha Masereka kilifunguka kidogo kidogo. Wakati mmoja aliuliza, "Mama, ulikuwa unamwita nani?" Baluku akamjibu, "Nyamaza, Kijiko."

Nyuma yao, mbali kidogo, kitu kilikuwa kinakwaruza mawe. Si nyayo. Kilikuwa kama kitu kinachotambaa. Wakisimama, kinasimama. Kabugho hakugeuka. Kilifuatana nao mpaka mianzi ilipoanza, na pale hakikusikika tena.

"Pimbi," Baluku alisema.

"Ndiyo," alisema Kabugho. "Pimbi."

Kesho yake saa nne asubuhi Masereka alikuwa zahanati. Walimwekea hewa, wakamdunga sindano, wakasema angechelewa siku moja wangesema mengine. Jioni wakamruhusu, kwa sharti alale ameegemea mito.

Usiku ulipoingia Kabugho alipakua. Ugali wa muhogo kwenye ungo, maharage kwenye bakuli kubwa, kisamvu pembeni. Mbusa alikuja na fimbo yake, goti limefungwa majani.

"Huyu mgonjwa anakula kuliko mzima," Masika alisema. "Tumrudishe tu."

"Nirudisheni," Masereka alisema, tonge limejaa mdomoni, "lakini na bakuli."

Baluku alicheka. Mbusa naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kabugho alisimama na mwiko mkononi, akawahesabu kwa macho kama afanyavyo kila jioni. Baluku. Masereka. Masika. Mbusa wa jirani. Wote wapo. Akakaa, magoti yakalia, akanyoosha mkono kumega tonge.

"Mama," Masika alisema, "umejimwagia nini?"

Kabugho alijitazama. Sehemu ya mbele ya blauzi ilikuwa imelowa, madoa mawili makubwa, ya mviringo, yanazidi kuenea. Yalikuwa na joto.

"Maji," alisema. "Kuleni, chakula kinapoa."

Alifunga mikono kifuani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Masika, kitindamimba wake, alikuwa ameacha kunyonya miaka kumi na mbili iliyopita. Aliinamisha uso kidogo, kama anayepuliza chakula, akanusa. Yalikuwa maziwa. Na upande wa kushoto yalikuwa yanatoka kwa kuvutwa.