Hamira Iliyonyamaza

Gari lilikuwa limeshakata kona, na mkono wa mtoto bado ulikuwa unapunga dirishani. Mama alikuwa anampeleka kwa mjomba, mbali na maji ya mtaa huu. Tumbo lilikuwa limemsumbua mno, na daktari alikuta risasi kwenye damu yake. Si risasi ya bunduki, ni yale madini ya kwenye betri za magari. Dada yake alibaki kibarazani amefura. Baba alimbatiza Pilipili kwa sababu ya hasira zake, na siku hiyo jina lilimkaa.

Mtaa mzima ulijua nani anayemwaga maji ya betri kuukuu nyuma ya kisima. Lakini jana, mbele ya watu, kipimo cha shangazi wa Pilipili kilionyesha maji ni safi. Mwenye karakana ya betri alicheka mpaka akafuta machozi. "Asante, mtaalamu. Nilijua mimi ni malaika, ila nilikosa ushahidi."

Pilipili alifululiza hadi maabara kwa shangazi, akaingia bila hodi.

"Shangazi, hamira yako inadanganya."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Inadanganya."

"Marahaba." Shangazi naye alikuwa amenuna. "Hii ni hamira ileile ya kuumulia mkate. Ni vijidudu hai. Nimevibadilisha ndani, vikikutana na risasi vinageuka vyekundu. Jana vilibaki vyeupe pee, na mimi sielewi."

Alichukua hamira iliyobaki kwenye kipimo cha jana, akaitia sukari na maji ya uvuguvugu. Wakangoja povu. Halikutoka hata tone.

"Imekufa," alisema, akanusa chupa ambayo Pilipili aliletea maji ya kisima. "Hii chupa uliisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya kisima, kama ulivyosema."

"Nauliza tena."

Pilipili akatazama sakafu. "Ilikuwa chafu. Niliiosha kwa dawa ya mama ya kutoa madoa. Nilikuwa na haraka, sikuisuuza vizuri."

Shangazi alipiga meza, visahani vikaruka. "Jana nilikuuliza, ukanikazia macho ukasema maji matupu!" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi je? Siku zote naweka kisahani kingine chenye risasi makusudi, nihakikishe hamira iko hai. Jana nilikiruka kwa sababu watu walikuwa wananisubiri. Twende. Utalisema hilo kisimani, nami nitasema langu."

Kisimani mwenye karakana alikuwa ameshika kiuno. "Mtapima mpaka mpate jibu mnalolitaka?"

Pilipili akasogea mbele ya watu. Angeweza kusema chupa ilikuwa mbovu, na nani angejua? Akawaza ule mkono dirishani, akasema yote, dawa ya madoa na uongo wake. Shangazi naye akasema la kisahani.

Mama mmoja mwenye ndoo akafyonza. "Kwa hiyo wanangu wamekunywa tena tangu jana, kwa sababu yako?"

"Ndiyo, mama," alisema Pilipili. Hakutafuta pa kujificha.

Safari hii mwenye karakana aliteka maji kwa mkono wake mwenyewe, kwa chupa mpya. Visahani vitatu vyenye hamira vikawekwa juu ya benchi: cha maji safi, cha risasi na cha kisima. Hadi jioni cha kwanza kilibaki cheupe. Viwili vilikuwa vyekundu kama tofali.

"Hizo hamira zina wivu," alisema mwenye karakana. Hakuna aliyecheka.

Wakirudi, shangazi alisema, "Hasira yako ilikuwa ya haki. Ila uliogopa kugombezwa, ukadanganya, na uongo wako ukamtetea yule uliyemkasirikia. Hamira iliyokufa haikusema maji ni salama, haikusema lolote. Sisi ndio tulioisemea."

Kisima kilifungwa, na maji yakaletwa kwa bomba kutoka mtaa wa juu. Karakana iliamriwa kuhama. Mwenyewe alifungua nyingine, safari hii yenye shimo la saruji na mkaguzi. Mdogo wa Pilipili alirudi amenenepa kidogo, ingawa hesabu bado zinamshinda shuleni, maana risasi hudhuru hata ubongo. Yule mama wa ndoo hamsalimii Pilipili mpaka leo. Shangazi haruki kisahani tena. Pilipili ndiye anayechota maji ya vipimo vyote vya mtaa, na bado ana hasira.